Mawe ya Kuvukia

Saa tatu na robo asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, mwalimu wa zamu aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo ya ofisi, na watoto wa shule nzima wakakimbilia kwenye mawe. Nilikuwa nimeshushwa jioni iliyotangulia na lori lililokuja kuchukua mahindi, nikiwa na begi moja, godoro na barua ya kupangiwa kituo. Nilidhani nimefika kuanza kufundisha. Nilikuwa nimefika siku ya kufunga shule.

Shule iko ng'ambo ya Mlali, wilaya ya Kongwa, kwenye tambarare ambako upepo wa kiangazi huingiza vumbi hata ndani ya sanduku lililofungwa. Jina lake siliandiki, kwa kuwa ipo hadi leo na walimu wake wa sasa hawahusiki. Uwanja ulikuwa na safu saba za mawe yaliyopakwa chokaa, safu moja kwa kila darasa, na kila asubuhi watoto walipanga mstari nyuma ya mawe yao. Siku ya kufunga mwaka mawe yale yalifanya kazi nyingine. Mwalimu mkuu alianza na darasa la sita, kwa sababu safu ya la saba ilikuwa wazi tangu wakubwa wamalize mtihani wao. Aliita jina, mtoto akaruka mawe kwenda safu ya mbele, wazazi wakapiga makofi na akina mama vigelegele. Kisha la tano wakaruka kwenda la sita, la nne kwenda la tano, hivyo hivyo mpaka chini. Ambaye hakuitwa hakurudi popote. Alibaki amesimama palepale, na wadogo wa darasa la nyuma wakaja kumzunguka.

Kando yangu alisimama mwalimu wa darasa la kwanza, mama wa makamo aliyejifunga kanga juu ya gauni. Jina lake Mwalimu Foibe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye Mrangi tuliyeletewa?"

"Ndiyo, natoka Kondoa."

"Asali ya kwenu umeleta?"

"Sijaleta."

"Sasa umekuja kufanya nini?" Alicheka, lakini macho yake hayakutoka uwanjani. Mimi nilikuwa napiga makofi pamoja na wazazi. Akanishika mkono, akaushusha. "Wanaovuka watajitazama wenyewe. Wewe tazama waliobaki. Tazama vizuri, maana Januari hutawaona."

Januari sikuwaona. Hakuna aliyewafukuza. Kwenye vitabu vya serikali mtoto yule alikuwa anakariri darasa, yaani anarudia mwaka, na nafasi yake ilikuwepo. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimemwona kwenye mawe, na baba yake alichukulia kwamba shule imeshatoa jibu.

Nimestaafu mwaka huu kwa hiari, nikiwa na miaka hamsini na mitano. Vijana mliobaki mmeniomba niandike ya kazini. Vyeo na mishahara naviacha, kwa kuwa vya kwanza havikuwa vingi na ya pili mnaijua. Nitaandika jinsi ya kumpima mtoto, na nitaandika habari za mabinti wawili wa mzee mmoja wa kijijini, Lechipya, kwa sababu ndizo zilizonifundisha kwamba kupima si jambo dogo.

Nilianza kazi na cheti cha ualimu cha daraja la chini kabisa. Sekondari niliisoma peke yangu baadaye, mtahiniwa wa kujitegemea, kwa vitabu vya kuazima. Kwa hiyo ualimu wenyewe nilifundishwa na Mwalimu Foibe. Wiki ya kwanza aliniachia darasa la kwanza nijaribu. Nikasema, "Hamjambo?" Wakajibu kwa pamoja, "Hamjambo?" Nikasema, "Kaeni." Wakasema, "Kaeni," na wakaendelea kusimama. Wengi wao hawakuwa wamewahi kusikia Kiswahili nyumbani isipokuwa cha wachuuzi. Foibe alikuwa mlangoni anajifuta machozi ya kicheko. Kisha akaingia, akasema neno moja la Kigogo, wakakaa.

Alinifundisha kuhesabia punje za mahindi, lakini zilizopakwa majivu, kwa sababu punje safi huliwa kabla ya hesabu kufika kumi. Alinifundisha kuwafanya watoto waandike kwenye mchanga kabla ya kuwapa penseli, na kukata maboksi ya sabuni kuwa kadi za silabi. Alinifundisha pia kwamba mtoto wa hapa anaweza kushika wimbo wa beti nyingi kwa kuusikia mara mbili, na kwamba kipaji hicho ndicho kitakachotudanganya. Darasa lina vitabu vichache. Anayekishika anasoma kwa sauti, wengine wanaitikia. Baada ya miezi michache wote wanaitikia kitabu kizima, kila ukurasa na picha yake, na ukisimama dirishani utasema shule hii imeendelea sana.

"Ukitaka kujua kama mtoto anasoma," aliniambia, "andika ubaoni kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote. Kiwe cha kuchekesha. Halafu wewe usicheke. Anayesoma atacheka mwenyewe. Ambaye hasomi atakutazama uso."

Kipimo hicho nimekitumia maisha yangu yote. Hakihitaji fedha wala semina.

Foibe alistaafu, nami nikapewa taaluma, yaani usimamizi wa masomo na mitihani ya shule. Miaka ikapita, ada ikafutwa, watoto wakafurika mpaka tukasomesha kwa zamu mbili. Upimaji wa taifa wa darasa la nne ukawa jambo la kuogopwa: matokeo yake hubandikwa wilayani, shule kwa shule, na mtoto anayeshindwa hukariri. Mwalimu mkuu tuliyekuwa naye wakati huo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, mwenye hofu. Ili shule isishuke, alizuia wazito wasifike la nne. Kila Novemba aliwasikiliza mwenyewe darasa la tatu wakisoma, mmoja mmoja, ukurasa mmoja wa kitabu cha darasa. Walikuwa zaidi ya themanini, hivyo kila mtoto alipata muda mfupi sana. Aliyesoma kwa kasi na kwa sauti alipita. Aliyesitasita aliambiwa, "Bado."

Mabinti wa Lechipya walikuwa wote darasa la tatu. Ruthi alikuwa mkubwa, lakini alichelewa kuandikishwa kwa ajili ya kulea wadogo nyumbani, akajikuta na mdogo wake Suzana kwenye dawati moja. Ruthi aliongea kwa sauti ya chini, akisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, na akikosea alirudi mwanzo wa neno. Suzana alikuwa na sauti kama ya mwimbishaji wa kwaya. Siku ya kusikilizwa alifungua ukurasa wenye picha ya mbuzi, akainua uso, akasema bila kupumzika: "Mbuzi ni mnyama anayefugwa nyumbani. Mbuzi hutupatia nyama, maziwa na ngozi. Baba anapenda mbuzi wake." Mwalimu mkuu akatabasamu. Ruthi alipofika neno "hutupatia" alisimama, akaanza, "hu-tu, hu-tu-pa," na kitabu kikafungwa.

Siku iliyofuata nilikuwa na kipindi cha hisabati darasani kwao. Kabla ya kuanza niliandika ubaoni: Mwalimu mkuu amepanda mbuzi kwenda Dodoma. Nikageuka, uso mkavu. Darasa kimya. Wachache tu waliziba midomo, na mmoja wao alikuwa Ruthi, mabega yakimtikisika. Suzana alitazama ubao, akanitazama mimi, akainua mkono.

"Mwalimu, picha iko wapi?"

Nilienda moja kwa moja ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa anakunywa chai.

"Mkuu, kuna kosa darasa la tatu. Suzana Lechipya hajui kusoma. Ruthi anajua."

"Mwalimu Zaina, nimewasikia kwa masikio yangu. Yule mdogo anasoma kama redio."

"Redio haisomi, mkuu."

Aliweka kikombe chini. "Na yule mkubwa? Karatasi ya upimaji haimsubiri mtu arudi mwanzo wa neno. Mwaka kesho akianguka, shule yetu inashuka, na atakayeitwa wilayani si wewe."

"Basi wapande wote wawili. Mmoja anasoma taratibu, mwingine tutamkazania."

"Nikiwarudia hawa wawili lazima niwarudie themanini. Majina yameshaenda kata."

Ningeweza kungoja mwaka, kama isingekuwa jambo moja. Mwaka ule mvua zilikatika mtama ukiwa kwenye magoti. Mtoto wa kiume wa Lechipya, aliyekuwa anachunga, alikwenda Ihumwa kutafuta vibarua vya ujenzi kwenye reli. Mbuzi wakabaki bila mtu. Ruthi mwenyewe aliniambia, wakati wa kufagia darasa, kwa sauti ile ile ya kwenye kitabu: "Baba amesema atakayevuka mawe ataendelea na shule. Atakayebaki atachunga."

Nilimkuta Lechipya jioni ya kuamkia siku ya kufunga, akiwahesabu mbuzi wake wakiingia zizini. Alikuwa mrefu, mwenye kikohozi, na heshima zake hazikupungua hata siku alizonichukia.

"Mbukwenyi," nilisema.

"Mbukwa, mwalimu. Kigogo chako bado kina asali ya Kondoa." Alimwita mkewe alete kigoda. "Umefuata mchango wa mahindi? Mwaka huu sina."

"Sikufuata mahindi. Nimekuja kwa ajili ya wasichana. Kesho watamvusha Suzana na kumwacha Ruthi. Wamekosea. Anayesoma ni Ruthi."

Alingoja mpaka mbuzi wa mwisho akaingia, akafunga zizi kwa miiba.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Ningewachagua mwenyewe, mmoja angenilaani mpaka kufa kwangu. Nikasema shule ndiyo yenye mizani, ipime. Sasa wewe unasema mizani ni mbovu?"

"Mbovu."

"Na mwalimu mkuu anasemaje?"

"Anasema ni nzima."

"Nyie ni watu wa ofisi moja!" Alicheka kwa uchovu. "Nimsikilize yupi?"

Nilimwambia awaache wote wawili shuleni, sare na madaftari nitasaidia. Akatikisa kichwa. "Si sare, mama. Ni mikono. Mchungaji wa kuajiri anataka laki moja kwa msimu, na kula juu yangu. Laki moja ningekuwa nayo ningenunua mahindi." Halafu akaongeza, "Kesho ukisimama mbele ya watu, mwalimu mkuu akiwepo, ukayasema haya unayoniambia hapa zizini, nitajua una uhakika."

Usingizi sikuupata vizuri. Asubuhi nilisimama na walimu wenzangu upande wa bendera. Walivuka la sita, la tano, la nne. Darasa la tatu likaanza. Jina la Suzana lilipoitwa aliruka juu kuliko ilivyohitajika, kanga za akina mama zikapepea. Majina yakaendelea mpaka yakaisha. Ruthi alikuwa amesimama na wengine waliobaki, amekunja mikono nyuma kama mtu anayengoja kutumwa.

Nikatoka mstarini. "Mkuu, samahani. Ruthi Lechipya naye anajua kusoma. Avuke."

Mwalimu mkuu hakunitazama. Alisema kwa utulivu, mbele ya wazazi wote, "Mwalimu, rudi kwenye mstari wako."

Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma, "Kumbe hata walimu wana mawe yao!" Watu wakaangua kicheko. Ndicho kicheko kilichomaliza jambo lile. Mtu anaweza kubishana na hoja, lakini kicheko cha uwanja mzima hakina mahali pa kukishika. Mwalimu mkuu akaanza majina ya darasa la pili, na wadogo wakaja kumzunguka Ruthi. Suzana aligeuka nyuma mara mbili. Mara ya pili alinyoosha mkono juu ya mawe, kama vile dada yake alikuwa amesahau tu kuruka. Ruthi akamwashiria atazame mbele.

Lechipya alikuwa ameegemea fimbo ukutani. Tulitazamana. Alichokiona ni mwalimu mmoja aliyesema na kunyamazishwa. Kwake hiyo ilikuwa mizani.

Januari Ruthi hakuja. Nilikwenda nyumbani mara tatu, mara zote yuko malishoni. Kazi ya taaluma ilinitaka nipeleke majina ya watoro kwa mtendaji wa kata, na nililiweka la Ruthi juu kabisa. Nilifikiri sheria itafanya ambacho uwanja ulishindwa. Elimu ya msingi ni lazima, mzazi hana hiari. Lechipya aliitwa kata. Nami niliitwa kama shahidi.

Mtendaji alikuwa kijana wa Dodoma mjini, msomi, mwenye haraka, mafaili yakiwa yamemjaa mezani. "Mzee, mtoto wako Ruthi ni mtoro. Unakubali?"

"Huyo si mtoro. Aliachwa."

"Kukariri si kuachwa. Nafasi yake ipo."

"Nilikuwepo uwanjani, mwanangu. Nilimwona akiachwa. Na huyu mwalimu alikuwepo."

Nikasema kwamba ni kweli alizuiwa, kwamba halikuwa jambo la haki, na kwamba baba akipewa nafuu kidogo ya mchungaji mtoto atarudi kesho. Mtendaji alinijibu kuwa ofisi yake haina kifungu cha mbuzi. Akasoma sheria ndogo: faini shilingi elfu hamsini. Lechipya aliuliza kama anaweza kulipa kwa mafungu. Hapana. Mnada uliofuata aliuza mbuzi, akalipa zote, akapewa risiti. Aliikunja ndogo sana, akaiweka ndani ya kofia.

Nilingoja Ruthi arudi Jumatatu. Hakurudi. Wiki mbili baadaye nilikutana na baba yake njia ya kisimani, nikamuuliza.

Alishangaa kweli, sikuona hila usoni mwake. "Si nimeshalipa, mwalimu?"

"Ulilipa faini. Mtoto anatakiwa kurudi."

"Nililipa elfu hamsini. Mtendaji akasema jambo limekwisha. Yule sasa ni wangu." Alivua kofia, akanionyesha risiti, kama mtu anayeonyesha cheti cha ununuzi wa ng'ombe. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa muuza duka anayedai mara ya pili. Mwezi uliofuata Ruthi alipelekwa kwa shangazi yake Kiteto, kwenye ng'ombe. Shangazi alitoa ndama. Huko kata yetu haina mkono.

Nikabaki na Suzana. Kila baada ya vipindi nilikaa naye na kadi za Foibe, tukianza na a, e, i, o, u. Alikuwa na aibu sana. Alikuwa ameishi miaka mitatu akisifiwa kwa kitu ambacho hakuwa nacho, na sasa mtu mzima mmoja alikuwa amekijua. "Nilidhani kusoma ndiko huko," aliniambia siku moja. "Nilidhani kila mtu anatazama picha halafu anakumbuka." Alikuwa na akili nzuri. Kufikia mwezi wa tisa alisoma silabi na maneno mafupi. Kwa mtoto wa darasa la pili ingekuwa hatua ya kujivunia. Upimaji wa darasa la nne ulikuwa mwezi uliofuata.

Siku ya upimaji walimu wa shule yenyewe hawasimamii, kwa hiyo niliyajua baadaye, kwa kumuuliza. Alijaza karatasi yote, bila kuacha nafasi. Alinakili maswali. Alikuwa na mwandiko mzuri, na kila palipoachwa wazi kwa jibu aliandika tena swali, kwa uangalifu, mpaka na alama ya kuuliza. Niliwahi kuona karatasi za namna hiyo nilipoitwa kusahihisha wilayani. Ziko nyingi, nanyi mtaziona. Msizicheke.

Novemba hiyo Lechipya alikuja nyumbani kwangu na pakiti ya dawa ya minyoo ya mbuzi. "Nisomee kipimo, mwalimu."

"Suzana si yupo nyumbani?"

Aliigeuza pakiti mkononi. Ilikuwa na picha ya mbuzi. "Nimempa. Akaishika vizuri, akasimama wima. Akanisomea kwamba mbuzi ni mnyama anayefugwa nyumbani. Kwamba hutupatia nyama, maziwa na ngozi. Kwamba baba anapenda mbuzi wake." Akakohoa. "Nilimwacha amalize."

Nilimsomea kipimo: vidonge kwa uzito, mbuzi wenye mimba wasipewe. Alirudia maneno yangu mpaka akayashika. Nikamwambia Suzana sasa ameanza kusoma kweli, kwamba anachohitaji ni mwaka mmoja, na kwamba Ruthi arudishwe kutoka Kiteto.

"Ndama ameshakua," alisema. "Na uliniambia zizini, wala siwezi kusema hukuniambia."

Desemba ile hatukutumia mawe. Nilikuwa nimewashawishi walimu wenzangu, na mwalimu mkuu, ambaye naye alikuwa ameshaona darasa la nne linavyoelekea, hakubisha. Tuliyang'oa safu zote saba kwa majembe, tukazungushia bustani. Kila mzazi aliitwa ofisini peke yake, akaelezwa habari za mtoto wake mlango ukiwa umefungwa. Tulianza pia kupima kusoma kwa sentensi zilizoandikwa asubuhi hiyo hiyo, zisizo na picha. Utaratibu huo umebaki, nanyi mmeukuta, ingawa wengine mnaona unapoteza muda. Haupotezi. Wazazi walilalamika mwaka mzima kwamba tumewanyima sherehe.

Matokeo ya upimaji yalitoka Januari. Suzana alitakiwa kukariri. Nilikwenda kwa Lechipya siku hiyo hiyo ili asisikie kwa watu, nikamkuta mama yao peke yake anapepeta. "Amekwenda kata," alisema. "Amekwenda na Suzana."

Nilitembea haraka, jua likiwa limeshapanda. Ofisi ya mtendaji ilikuwa wazi. Suzana alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, miguu haifiki chini, amevaa sare. Alikuwa anasoma tangazo la chanjo lililobandikwa mlangoni, kwa kidole hewani, silabi kwa silabi, midomo ikitembea. Hakuniona.

Ndani, Lechipya alikuwa ameweka noti mezani, zimenyooshwa.

"Mzee, sijakuita," mtendaji alikuwa anasema. "Hizi za nini?"

"Za huyu mdogo. Naye amebaki."

"Shule hata haijafunguliwa. Siwezi kukutoza faini ya kosa ambalo hujalifanya."

"Nimeuza mbuzi Desemba bei ikiwa nzuri. Ukiniita Machi nitauza kwa hasara." Alisema bila ukali, kama mtu aliyejifunza utaratibu na anaufuata. "Andika tu, mwanangu. Nilipie nimchukue."

Niliongea. Nilisema yote niliyoyasema zizini na mengine zaidi. Nilisema mtoto yuko hapo nje anasoma, atoke akamsikilize. Lechipya alinigeukia. "Mwalimu, hata Novemba nilimsikia akisoma."

Mtendaji alizirudisha noti kuvuka meza, akasema sheria ni sheria, kila jambo kwa wakati wake. Lechipya alizichukua, akazihifadhi, akatoka na binti yake. Shule ilifunguliwa, Suzana hakuja. Machi baba yake aliitwa kwa utaratibu, akaja na noti zile zile, akatozwa faini ya utoro, akapewa risiti. Aliikunja na kuiweka kwenye kofia pamoja na ya kwanza.

Elfu hamsini ya Ruthi, elfu hamsini ya Suzana. Jumla ilikuwa shilingi laki moja, ujira wa mchungaji wa msimu mmoja.